Daftari la Mama Funguo

Mama Funguo alikaa kaunta ya mapokezi ya hoteli ile miaka ishirini na miwili, na wageni waliapa kwamba ana kichwa cha ajabu. Uongo mtupu. Alikuwa na daftari. Mgeni akishapanda ngazi, yeye hulifungua na kuandika: huyu hataki mto mnene, yule akilazwa karibu na jenereta atanuna mpaka aondoke.

Basi mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyerithi hoteli na ambaye sasa kila mtu anamwita Bosi, akaleta mashine. Skrini ndefu, ikasimamishwa karibu na mlango. Mgeni anaandika namba yake ya simu, mashine inamkaribisha na kumpa namba za siri za kufungulia chumba. Funguo zote arobaini zikatiwa kwenye ndoo.

"Tuijaribu wiki moja, mama mkubwa," Bosi alisema, macho yake kwenye viatu. "Ikienda vizuri, wewe utahamia chumba cha kufulia, usimamie mashuka. Ila kwanza iandikie unayoyajua kuhusu wageni wetu. Kila kitu."

Kiti chake chenye mto wa buluu kikatangulia chumba cha kufulia. Roho ilimuuma, maana mashuka hayana habari za kusimulia. Hata hivyo alipiga moyo konde, akavaa miwani, akahamisha daftari zima kwa kidole kimoja. Siku tatu. Na yeye akiambiwa kila kitu, huandika kila kitu.

Jumatatu asubuhi foleni ilikuwa ya watu sita. Wa kwanza, muuza dawa mwenye tai, akagusa skrini. Herufi zikatokea, kubwa kubwa:

KARIBU TENA. ANAKOROMA KAMA TREKTA. APEWE CHUMBA CHA MWISHO WA KORIDO.

Mtu mmoja akakohoa. Akafuata mwalimu mkuu mstaafu, mama wa heshima zake.

KARIBU TENA. HUONDOKA NA SABUNI. AWEKEWE MBILI.

Mwalimu akafunga zipu ya mkoba wake polepole. Hapo foleni ikashindwa kujizuia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, muuza dawa akiwa wa kwanza.

"Kwa hiyo mke wangu hanisingizii," alisema, akifuta machozi.

Bosi alikuja mbio kutafuta waya wa umeme auchomoe. Mama Funguo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Uliniambia niandike kila kitu, mwanangu. Sikujua kwamba itawaonyesha wenyewe."

Kabla waya haujapatikana, mpima ardhi mmoja mzee, mgeni wa kila mwaka, alikuwa ameshagusa skrini.

KARIBU TENA. ASIPEWE NAMBA SABA HATA IKIWA WAZI. NDIMO WALIMOLALA NA MAREHEMU MKEWE. AAMBIWE IMEJAA.

Kicheko kikakatika. Mzee alisoma, akarudia kusoma, kisha akavua kofia.

"Miaka minne," alisema. "Kila nikija unaniambia saba imejaa. Nami nashukuru kimoyomoyo, nikidhani ni bahati."

"Nisamehe, baba. Sikutaka uanze kujieleza hapa mbele za watu."

"Hujanikosea kitu." Aliirudisha kofia kichwani. "Leo nipe hiyo saba, nafikiri nitaiweza. Lakini nipe ufunguo, tena kwa mkono wako. Namba za siri sizitaki."

Bosi alisimama na waya mkononi, aibu imemjaa usoni. Alikwenda stoo, akarudi na ndoo, akachuchumaa mbele ya wageni wote na kuanza kuchakura.

"Wenye uzi wa kijani," Mama Funguo alimwelekeza. "Chini kabisa."

Aliuona, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mama Funguo akampa mzee, akamtazama akipanda ngazi taratibu. Macho yalikuwa yamemlowa na hakujali nani anaona.

"Mashine ibaki, wenye haraka wataitumia," alimwambia Bosi. "Wewe nenda chumba cha kufulia ukaniletee kiti changu."