Mfuko wa Koti la Kambale

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Kambale, na yeye mwenyewe hakatai. Mtu mzima, mwenye kushusha magunia ya maharage ya Kivu kule Kampemba bila kudanganywa na yeyote, akaenda ukweni kuumbuliwa na sahani moja.

Alimpenda Lydie, mwanafunzi wa chuo kikuu, kule Kasapa. Jumapili ile alifika kwa wazazi wake, mtaa wa Hewa Bora, kuomba jambo moja tu, ambalo Lydie alishawadokezea: ruhusa ya kuwaleta wakubwa wa familia yake wazungumze ndoa. Kwa kuwa baba mtu, Papa Paulin, alikuwa mpenzi wa Kifaransa, Kambale alikaa majuma sita mbele ya mwalimu wa mtaani, Rodrigue, akikariri: je bois, nous buvons, je veux, nous voulons, du lait, de la viande, yaani kunywa, kutaka, maziwa na nyama. Vitenzi vilimbana kama viatu vipya, lakini viliingia. Tatizo ni kwamba kwa Rodrigue chakula kilichorwa ubaoni. Hakikuwa na harufu.

Mama Musonda, mama yake Lydie, akaleta bukari, yaani ugali, na vinkubala. Viwavi, ndugu yangu! Vyeusi, vinene, vinaogelea katika mafuta na nyanya, kila kimoja na kichwa chake na vijimiguu vyake. Kwao Kambale, huko Kivu, mdudu wa namna hiyo hupigwa kwa kandambili.

"Mama yangu alibituma toka mu mugini," akasema mama, yaani kutoka kijijini. "Tulibichunga kwa ajili ya muntu wa maana. Utakula?"

"Je prends des chenilles!" Kambale akajibu, kifua mbele, yaani atakula viwavi. Papa Paulin akapiga makofi.

Akatia kimoja mdomoni. Kikapasuka. Ladha ya udongo na majani yaliyooza ikamwagika ulimini, mguu mmoja ukanasa kwenye jino. Akakisukuma kwa munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachuka, nacho kikamteleza kama kamasi.

"Na bingine?" akauliza mama.

"Je veux encore des chenilles!" Yaani anataka viwavi zaidi! Kinywa kilishazoea kujibu hivyo darasani, hakikungoja ushauri wa mwenyewe.

Sahani ikajaa tena. Basi kila wazee walipogeuza macho, kimoja kikazama mfukoni mwa koti. Aliposimama kutoa ombi lake, mafuta mekundu yalikuwa yameshuka mpaka gotini, na kinkubala kimoja kikaangukia kiatu cha Papa Paulin.

"Unaficha chakula yetu sawa mwizi?" Papa Paulin akauliza.

"Hapana, papa! Niliona haya kukataa."

"Haya gani? Ungesema tu! Mama iko na kuku ku cuisine, mule jikoni."

Lydie, aliyekaa kando ya mama yake, akaziba pua asicheke. Kambale akapandwa na hasira.

"Majuma sita, mama! Majuma sita nilisoma Kifaransa juu ya kubaheshimu ninyi! Ile yote ni bure?"

Mama Musonda akaokota kile kinkubala, akakipuliza, akakitafuna taratibu huku akimtazama.

"Mudomo yako ilisoma, mwanangu, tuliisikia. Sasa mufuko nayo ianze masomo. Siku mudomo na mufuko itasema kintu moja, ile siku njo utaleta bakubwa bako."