Madoa kwenye Boti ya Nadine

Huku Havasu, kwenye ziwa letu la jangwani, boti ikitoka majini haiendi popote mpaka ikauke. Unaivuta na trela hadi juu ya mteremko, unasimama pembeni, na kila aliyepanda, hata bibi wa miaka tisini, anashika taulo. Maji yetu yana chokaa na jua letu halina subira. Tone likikauka lenyewe linaacha duara jeupe, na ukichelewa kulifuta linaila rangi. Ukiondoka na boti inachuruzika, watu wanakutazama kama umemfungia mtoto kwenye gari juani.

Verl Tackett hakuwahi kuacha tone. Miaka arobaini na sita. Boti yake ni fupi, ya kizamani, ya zambarau, na ndani ya ile rangi kuna chenga za kung'aa. Ikiwa juani unaona kama kuna kitu kinachemka chini kabisa. Rangi aliipiga mkewe, Nadine, enzi zile akiwa mpiga rangi kwenye kiwanda cha boti ambacho siku hizi ni maegesho. Chenga alizirusha mwenyewe, juu akafunika kwa vanishi. Nadine amekufa miaka sita sasa. Picha zake ziko kwenye boksi, Verl haziangalii. Anafuta boti.

Mimi ni jirani yake. Naosha boti za watu, na kabla ya hapo nilisoma kemia miaka miwili na nusu nikaishia njiani. Ndiyo maana Verl ananiita Profesa, na anavyolitamka utadhani ni jina la mbwa. Kila siku yake ya kuzaliwa namfanyia utani. Mwaka jana nilimpandia uani heroe wa plastiki sabini na saba, wale ndege wa waridi wa kupamba bustani, mmoja kwa kila mwaka wa umri wake. Akawaacha mpaka Krismasi ili kunikomoa, akasema wana adabu kuliko mimi.

Mwaka huu nikapata wazo la kisomi. Maji ya betri, si asidi bali yale safi ya kuongezea, hayana chokaa, yakikauka hayaachi kitu. Nikiipulizia boti, Verl atatoka, ataona matone kwenye jua la Julai, roho itamruka. Nitamzuia asifute, yatakauka bila alama, tutacheka mwaka mzima. Na nilikuwa na galoni lake kwenye rafu, nimeliandika kwa mkono wangu. Asubuhi ya sherehe, boti iko uani turubai limetolewa, nikapuliza ubavu wote wa kulia, toka nyuma hadi puani.

Verl alitoka na kahawa yake. Kikombe kilianguka, sikusikia kikivunjika, nilikuwa namtazama mzee mwenye goti la chuma akikimbia. Taulo lilikuwa begani, liko begani siku zote. Nikamdaka mkono.

"Niachie."

"Subiri tu, mzee. Dakika kumi."

"Profesa, nitakuvunja pua."

"Ni maji ya betri. Hayana kitu ndani. Yatakauka yawe safi kuliko hilo taulo lako. Niamini mara moja tu maishani."

Alinitazama, akatazama matone. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kunifanyia: akaniamini. Akacheka hata, akasema kama ni uongo atanizika na wale heroe. Tukaingia ndani kwenye kiyoyozi, tukala mbavu za nguruwe, tukapiga soga masaa mawili.

Nilikuwa nawasimulia wageni wengine utani wangu wakati Shelby, mke wangu, anakata keki ya nanasi. Kisu kikasimama. Akaniuliza galoni lipi. Nikamwambia lile la rafu ya chini. Akasema polepole, haniangalii, kwamba lile tulilimaliza zamani, na wiki iliyopita tulipokwenda kambini alilijaza maji ya bomba, ya kumnywesha mbwa.

Tulipotoka, ubavu wa kulia ulikuwa kama umeota ndui.

Nikakimbilia siki. Ile chokaa nyeupe ilitoka yote, na kwa sekunde chache nilidhani nimepona. Kumbe chini ya kila tone kulikuwa na pete. Jua lilikuwa limeshaipika ile chokaa, vanishi ya miaka yote hiyo imeliwa. Verl alipitisha ukucha juu ya pete moja, akaenda ya pili, ya tatu. Hakunitukana. Ningelipenda anitukane.

"Usiiguse tena," akasema. "Nitakaa nayo hivyo hivyo." Akaenda kulala.

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nikaenda kuchukua mashine ya kupolishi. Nilijiambia pete ni za juu juu tu, nimeshatoa maelfu. Na kweli ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, nikaanza kupiga mluzi. Kwenye kingo za boti vanishi huwa nyembamba. Kila muosha boti anajua, na kwenye boti ya mteja siwashi mashine kabla sijabandika utepe wa gundi wa kuzikinga kwenye kingo zote. Siku ile sikubandika. Nilitaka nimalize kabla hajaamka.

Pale puani sponji ya mashine ikageuka zambarau. Nikaona, na mkono ukachelewa. Halafu sponji ikaanza kumetameta.

Nilipozima, palibaki doa la ukubwa wa kiganja, jeupe la faiba tupu. Verl alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale muda gani. Alikuja, hakuitazama boti, akaishika sponji, akachukua chenga chache kwa kidole gumba.

"Nadine alikuwa anarudi nyumbani na hizi kwenye nyusi," akasema. "Nilikuwa nazikuta hata kwenye mto."

Nikaanza kusema namjua fundi mmoja, anaweza kuchanganya rangi ile ile.

"Ya nini?"

Akaniomba ile sponji. Nikaifungua nikampa, akaingia nayo ndani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa pale juu ya mteremko nafuta boti ya mteja. Verl akaivuta yake kutoka majini. Hakusimama. Alipita katikati yetu boti inachuruzika, watu wote na mataulo mkononi. Mama mmoja akamwambia, "Verl, umesahau," na yeye akainua kidole kimoja kwenye usukani, kama anavyosalimia, akaenda.

Nilimfuata mpaka nyumbani na taulo kavu. Ameiegesha boti uani katikati ya jua, amevuta kiti, amekaa. Nikaenda upande wa kushoto, upande ambao sikuwahi kuugusa, nikainua taulo.

"Acha, Profesa," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa kwenye changarawe. Matone yalikuwa mengi, na mwanzoni yaling'aa vizuri sana, chenga zinachemka chini yake. Kisha moja likawa jeupe, na la pembeni yake. Yeye alikuwa anayatazama moja moja, kama mtu anayepitia picha, na taulo halikuwa begani.