Kilichofukiwa Chini ya Mpapai

Mwinyimvua hakuwa mtu wa kuamini upesi. Hata mchuzi wa mkewe aliuonja mara mbili kabla ya kula. Basi mvua za vuli zilipoanza, na mguu wake wa kulia ukavimba hata wakubwa wa karakana ya reli kule mtaa wa Gerezani wakampa ruhusa ya kukaa nyumbani, alipata kazi nyingine: kumchunga mpangaji wake.

Mpangaji huyo alikuwa Severa, mwalimu Mchaga kutoka Kilimanjaro, mgeni wa mwezi mmoja hivi. Alipanga chumba cha uani katika nyumba ya Mwinyimvua hapo Kariakoo, na kila asubuhi alifundisha humo watoto kumi na wawili wa mtaa huo, akiwemo Siti, binti wa mwenye nyumba, miaka sita. Kufundisha kwenyewe ndiko kulikomkera Mwinyimvua. Yeye alisoma Kurani chuoni kwa ubao na bakora, na alijua kwamba mtoto anayesoma husikika. Watoto hawa, mvua ikikatika, walitoka mbio, wakarudi na majani, konokono na mbegu za mkwaju, matope mpaka magotini. Mwalimu akawauliza hiki kinanukaje, kile kimeota wapi. Kitabu hakuna.

"Mtu mzima anayeokota majani na mizizi," alimwambia mkewe Zamda, "ana jina lake."

Zamda alikuwa akipepeta mchele. Alimkumbusha kwamba mguu wake ulianza kuuma tangu Ramadhani, na mwalimu alihamia mfungo sita, miezi sita baadaye. Je, huo uchawi ulitangulia kwa basi, mwenyewe akafuata? Mwinyimvua akasema kuuma ni kuuma na kuvimba ni kuvimba. Tena mganga aliyemwendea ng'ambo ya Magogoni hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba amekanyaga kitu.

Alhamisi, baada ya mvua kubwa, akakiona hicho kitu. Chini ya mpapai wa uani, kando ya njia ya chooni anayopita kila siku, udongo ulikuwa umetitia. Akachokoa kwa mkongojo. Kikatoka kifurushi cha gunia kilichofungwa kwa katani. Ndani mlikuwa na msumari, ganda la chungwa, jani lililooza nusu, kipande cha kanga ya Zamda, na kishungi cha nywele.

Hakupiga kelele. Alichechemea mpaka chumbani kwa mwalimu, watoto wakiwa wameketi mkekani, akakiweka kifurushi mezani.

"Mwalimu, kesho baada ya sala nakitaka chumba changu. Na darasa lako uondoke nalo."

Severa hajafungua kinywa, Siti akaanza kulia, kilio cha hasira. "Baba, umekifukua! Siku hazijatimia."

Ikabidi aelezwe. Kila mtoto alifukia vitu vitano nyumbani kwao, avifukue mvua za vuli zikiisha, waone kipi udongo umekila na kipi umekikataa. Vinne alivitaja mwalimu. Cha tano kila mtoto alijichagulia, na Siti alichagua nywele zake zilizobaki kwenye chanuo. Mwinyimvua alisikiliza. Maneno yalikuwa yamepangika vizuri, na hilo ndilo hakulipenda. Mtego nao hupangwa.

"Unafukiaje nywele za mtoto wa mwenzio?"

"Sikujua kama ataleta nywele, Baba Siti. Hata kwetu hazitupwi ovyo."

"Kwenu mlimani. Huko ndiko mnakozijua kazi zake."

Severa alikisogelea kifurushi. Alizitoa nywele za Siti, akampa mkononi. Kisha akafungua kilemba, akachukua mkasi wa darasani, akakata kishungi cha nywele zake mwenyewe na kukiweka mle kifurushini.

"Kifukie wewe, mahali unapopajua wewe. Mvua zikiisha utatuonyesha."

Mwinyimvua alishika mkongojo kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia mengi juu ya wachawi, lakini hakupata kusikia mchawi aliyempa mtu nywele zake mchana kweupe, mbele ya watoto kumi na wawili. Mwenye nywele zako amekushika.

Siti akafuta kamasi, akauliza kwa nini msumari umekuwa mwekundu. Baba yake akajibu bila kufikiri kwamba ni kutu, ameikwangua kwenye mabehewa miaka kumi na tisa, na chuma huliwa na maji na hewa polepole kama mtu anavyoliwa na deni. Watoto wote wakamgeukia. Akaona haya, akachukua kifurushi akatoka.

Alikifukia mwenyewe chini ya baraza, pale anapoketi. Ijumaa ikapita, sala ikasaliwa, habari ya chumba hakuitaja tena. Ila kila mvua ikikatika alitoka kutazama kama pamechokolewa. Zamda akamuuliza anaogopa nini sasa, na nywele za mwalimu anazo yeye.

"Ninazo," akasema. "Lakini mbona alizitoa upesi vile?"