Mkasi Uko kwa Wifi

Daktari alimwambia fundi cherehani kwamba magoti yaliyosagika hayapati nafuu kwa kukaa, atembee kila asubuhi. Fundi akasonya. "Nitembee bila safari? Mimi kichaa?"

Wifi yake, aliyemsindikiza, alimrudisha nyumbani. Jioni akaja kuazima mkasi wa vitambaa, na kesho yake akatuma salamu kwamba unakata maboksi vizuri ajabu.

Maboksi, yanayoua makali! Mori ukampanda fundi. Akashika fimbo, akachechemea hadi kwa wifi, mwisho wa mtaa.

"Uko kwa mnoaji, wifi yangu. Kunywa chai, uje kesho."

Kesho ikazaa kesho. Kila siku fundi alikwenda akifoka na kurudi akicheka, mpaka akaanza kuisahau fimbo nyumbani.

Asubuhi moja alifungua kabati la wifi akitafuta sukari, akaukuta mkasi umelala humo, makali yake vilevile.

"Nilijua kwa ajili ya magoti hutatembea," wifi akakiri, "ila kwa ajili ya mkasi utakimbia."

Fundi akautazama mkasi, akayatazama magoti. Akaurudisha, akafunga kabati.

"Kesho naufuata tena," alisema. "Na ole wako unipe!"