Moto wa Upande Wetu

Kwa miaka kumi na mmoja Modeste alikuwa wakili mjini Uvira, na watu walimwita Maître hata sokoni. Kesi iliyombadilisha ilikuwa ya wakulima wa Lubarika walionyang'anywa mashamba yao ya mpunga. Aliishinda. Wiki ileile watu wenye bunduki wakaja, wakamuua Firmin, msemaji wa wakulima wale, karatasi ya hukumu ikiwa bado mfukoni mwake. Modeste alimzika, akaikunja toga yake, joho la wakili, akapanda milimani kujiunga na vijana waliosema wanalinda vijiji vyao.

Alikaa huko miaka minne na akawa mkubwa wao. Kisha silaha zikarudishwa, uchaguzi ukafika, na watu wa bonde la Ruzizi wakamtuma Bukavu kuwa mbunge wa jimbo. Huko aliandika pendekezo la sheria: kila aliyechomewa nyumba wakati wa vita asaidiwe kujenga tena.

Alikuja Lubarika kulieleza katika ukumbi wa parokia. Watu walipiga makofi. Ndipo mwanamke mmoja akasimama kwenye benchi za nyuma.

"Honorable, minye naitwa Léocadie. Moto yenye watu yako waliwasha kwetu kule juu, nayo iko mu hiyo sheria? Ao ni moto ya bengine tu?"

Aline, katibu wa Modeste, akamnong'oneza: "Sema commission itaangalia."

Modeste aliyajua maneno ya kujitoa. Angeweza kuuliza ushahidi uko wapi, kama zamani mahakamani. Angeweza kusema ilikuwa vita.

"Iko," alisema. "Na ile amri niliitoa minye. Waliniambia nyumba hazina watu."

"Mama alikuwa hatembee," Léocadie akajibu. "Tulikimbia na watoto, tukasema tutamurudilia."

Habari hiyo ilikuwa imewahi kumfikia Modeste. Siku chache baada ya moto, mmoja wa vijana wake alianza kumsimulia juu ya kikongwe aliyeungua ndani, naye akamkatiza asimalize. Tangu hapo hakuuliza tena.

Nyumbani kwake, mtaa wa Songo mjini Uvira, mkewe Noella alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya maji ya vyombo.

"Uko na immunité ya wabunge," alisema. "Hakuna mutu anakuomba kitu."

"Yeye ameniomba."

"Ameomba sheria. Hakuomba weye ufungwe. Na watoto?"

Hata hivyo Modeste aliwaandikia wabunge wenzake wamwondolee kinga. Walikataa. Mmoja alimvuta kando kwenye korido: "Tukianza na weye, tutaishia kwa nani?" Basi Modeste akajiuzulu, akaenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka.

Kesi ilisikilizwa Uvira, mbele ya majaji ambao wawili kati yao aliwahi kubishana nao akiwa na toga. Sasa alikaa upande wa pili, na kila mara alijizuia asisimame kupinga. Léocadie alipotoa ushahidi, wakili wa Modeste alitaka kumuuliza kuhusu saa na umbali. Modeste akamshika mkono. "Muache," alisema.

Alihukumiwa miaka tisa. Noella alikuwa ukumbini. Jumapili alimpelekea chakula gerezani. Sheria ya Modeste ilipita mwaka uliofuata, ikiwa imepunguzwa sana, na mtu mwingine akapigwa picha nayo.

Siku ya hukumu Léocadie hakushangilia. Watu walipokuwa wakitoka, alienda kwenye meza ya karani, akaomba asomewe jina la mama yake kama lilivyoandikwa.

"Consola," karani akasoma.

"Hapana. Consolée. Andika muzuri."

Alisimama pale mpaka karani akafuta na kuandika upya, akamwonyesha kwa kidole. Kisha akatoka nje kutafuta pikipiki ya kumrudisha Lubarika.