Injini ya Mama Spana

Injini ilipiga chafya. Si chafya ya mafua, bali chafya ya moto. Iliruka kutoka mdomoni mwa kabureta, ikaramba nyusi ya kushoto ya Mama Spana, na wasimuliaji wa kuaminika wanaapa kwamba mtaa wa pili kuna kuku aliyetaga kabla ya siku zake.

"Afya!" mumewe akaitikia kutoka kwenye kiti chake cha plastiki kivulini.

"Unaiombea nyusi au injini?"

"Itakayosalimika."

Langoni, lori la vyuma chakavu lilikuwa limeshaegeshwa, na mwenye lori alikuwa anakunjua minyororo. Maneno yalishafungwa mbele ya shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, mwenye kiwanja na mwenye kauli: adhuhuri hii Korola kuukuu ile ipande kilima kwa nguvu zake yenyewe, au ipande lori.

Ilikuwa gari la mumewe tangu ujana wao. Injini yake ya asili ilikuwa ndogo, na ilipozeeka ikawa inamaliza kilima kwa kusukumwa. Kisha kiharusi kikamnyang'anya mume mkono wa kulia, na mguu ukawa mzito. Kliniki ilikuwa ng'ambo ya kilima. Mama Spana, mshonaji wa mapazia, akafunika cherehani na kutafuta injini ya kigari cha mizigo, ya ukoo uleule wa Kijapani lakini yenye kifua kipana.

Kazi haikuwa lelemama. Kwenye kigari injini ile hulala ubavu. Kwenye Korola hutakiwa kusimama. Basi akahamisha bakuli la oili kutoka injini ya zamani, akakata gasketi mpya ya kuzuia oili isivuje kwa mkasi wake wa vitambaa, mkasi ambao wanawe walikua bila kuruhusiwa kukatia hata karatasi. Bolti alizikaza kwa mshazari, hii kidogo na ile kidogo, kama mtu anayeshika pindo lisije likavuta upande.

Na sasa, chafya.

"Shemeji," kaka mkubwa alisema, akiangalia kivuli chake kinavyofupika, "injini si pazia."

"Kweli kabisa, shemeji. Pazia huficha. Hii itatangaza."

Akamgeukia mumewe, fundi wa zamani aliyekula chumvi nyingi chini ya magari ya watu.

"Mzee, unasikia nini?"

"Nasikia njaa."

"Nakuuliza habari za injini!"

"Fundi nani hapa?"

Mama Spana akamtupia jicho ambalo lingeweza kuwasha gari bila betri. Kisha akainama tena. Petroli ipo. Moto upo. Alama ya kwenye puli, kigurudumu cha mbele ya injini, iko sawasawa na sifuri. Sasa moto unawakaje huku mlango wa kuingizia petroli kwenye silinda uko wazi?

Mlango uko wazi.

Akasimama ghafla, nusura agonge boneti. Alama ile huja mara mbili! Mara moja silinda ya kwanza ikiwa imebana hewa na kungoja kuwashwa. Mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Akafungua plagi zote, akaziba tundu la kwanza kwa kidole gumba, na kwa mkono mwingine akazungusha injini kwa spana. Alama ikafika. Kidole kimya. Akazungusha mzunguko mzima. Hewa ikajaa chini ya kidole, ikasukuma, ikapenya kwa sauti ya mtoto anayekataa uji.

"Kumbe wewe!" akaiambia.

Akachomoa distribyuta, ile inayogawa moto, aliyokuwa ameifunga kwa alama ya moshi, akaigeuza nusu mzunguko, akairudisha. Plagi zikarudi mahali pake. Mwenye lori alikuwa ameshafika na mnyororo begani. Mama Spana akazungusha ufunguo, na injini ikaitika kabla hajamaliza kuuzungusha, nzito, sawia, bila kikohozi. Mwenye lori akarudi nyuma hatua, mnyororo ukamteleza.

Mumewe alikuwa anatabasamu upande mmoja, upande uliobaki mzima.

"Ulijua," Mama Spana akamwambia.

"Tangu chafya ya kwanza."

"Na ukanyamaza, lori liko mlangoni!"

"Ningesema, jioni mtaa mzima ungedai nimeitengeneza kwa mdomo."

Akamwinua, akamketisha mbele, akamfunga mkanda. Shemeji akajipakia nyuma bila kualikwa, ati shahidi.

Pale katikati ya kilima, ambapo kwa miaka abiria walikuwa wanashuka bila kuambiwa, shemeji alishika kitasa kwa mazoea. Mama Spana akabadili gia, akakanyaga. Korola ikawasukuma wote migongoni. Shemeji akaachia kitasa.

"Polepole basi, shemeji!"

"Hii ndiyo polepole yake."

Huku juu, pembeni mwa barabara, palikuwa na gari jipya linalong'aa, boneti limeinuliwa, mvuke ukifuka. Mwenye gari akawapungia mikono miwili. Waliposimama, alikimbilia dirisha la mume.

"Mzee, shikamoo. Wewe ni fundi?"

Mume akaelekeza kidevu upande wa usukani. Lakini kiti kilikuwa kitupu, na mlango wazi. Mama Spana alishafika kwenye boneti la gari jipya, anakunja mikono ya gauni, sikio limeinamia kule kunakofoka.