Nailoni ya Mwalimu Wolfgang

Kwa heshima zote anazostahili Mwalimu Wolfgang, ambazo nimezipima na hazijazi kijiko cha chai, naanza na kabati.

Kabati la kioo la chumba cha kompyuta cha shule yetu, hapa chini ya Mlima Hanang, lina kombe moja la mpira wa pete, picha ya mkuu wa shule akipokea kombe hilo, na kifaa cha nukta nundu. Kifaa chenyewe ni kirefu kama rula mbili zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Juu yake kuna mstari wa pini ndogo ndogo zinazochomoza na kuzama. Ukikiunganisha na kompyuta, maandishi ya kwenye skrini yanageuka nukta, na mtu asiyeona anayasoma kwa vidole. Kompyuta zetu zinatumia Linux, na ndani yake ipo programu ya kazi hiyo inayoitwa BRLTTY, jina ambalo hakuna aliyewahi kulitamka hapa shuleni bila kumrushia mate jirani yake.

Kililetwa Januari kwa ajili ya mtu mmoja: Benedikta wa kidato cha nne, mwenzangu wa dawati, binti wa wafugaji wa Dirma, aliyepoteza macho akiwa na miaka tisa. Alijifunza kutumia vifaa vya aina hiyo tangu shule ya msingi. Hadi Julai alikuwa amekigusa mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na wageni. Siku nyingine zote kililala kabatini chini ya kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano, na chini ya kitambaa, Mwalimu Wolfgang, mwenye ufunguo wa kabati, alikuwa ameacha ile nailoni ya kiwandani, ili pini zisiingie vumbi.

Kwetu, kijijini Daudi, tunaijua dini hiyo. Kochi la baba limevaa nailoni tangu harusi yake, na anayeichana analala bila ugali. Lakini kochi halisomwi kwa vidole.

Ningecheka, maana kucheka ndiyo kipaji changu pekee kinachotambuliwa na ofisi ya nidhamu. Lakini mwezi Juni Benedikta alifanya mtihani wa Historia kwa kumtajia majibu Mwalimu Wolfgang ayaandike. Alitaja sababu sita za Vita vya Maji Maji, akaeleza kila moja. Mwalimu aliandika mbili, akatazama saa, akamalizia kwa "n.k." Benedikta akapata thelathini na moja. Sasa Jumatatu ulikuwa unakuja mtihani wa majaribio wa Historia, ambao kwetu haukosi swali la Maji Maji, na mwandishi aliyepangwa alikuwa yule yule. Benedikta alimwomba mkuu wa shule aruhusiwe kuandika mwenyewe kwa kompyuta na kifaa chake. Mkuu akamrudisha kwa Mwalimu Wolfgang. Mwalimu akauliza kikiharibika atamwambia nini aliyekileta.

Nilipata hasira mpaka uji ukanishinda. Nikamwambia Benedikta kwamba kuna chura mkubwa karibu na tangi la maji, na droo ya Mwalimu haina kufuli.

"Ukiweka chura, watacheka na chura," alisema. "Mimi nitabaki na n.k. yangu."

"Basi nifanye nini?"

"Adhabu yako ya wiki hii ni ipi?"

"Kufuta vumbi chumba cha kompyuta."

"Toa nailoni. Halafu, Hilary, usifanye kitu kingine. Hata kimoja."

Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile ya pili.

Ijumaa Mwalimu alifungua kabati ili nifute vumbi, kwa sababu kesho yake bodi ya shule ilikuwa inakuja. Alipotoka kupokea simu niliivua ile nailoni, nikaiweka mfukoni, nikarudisha kitambaa na maua yake kwa unyenyekevu mkubwa.

Jumamosi akaja mwenyekiti wa bodi, Mama Bernadina, mkulima wa alizeti kutoka Masakta, pamoja na wajumbe wawili. Darasa letu lilipangwa ukutani kama mapambo. Mwalimu alikuwa amemkaririsha Benedikta hotuba ya makaribisho ya mistari tisa, na kumwelekeza apitishe vidole kushoto kwenda kulia akiitamka, ili ionekane anasoma. Kwenye skrini aliweka picha ya mlima, ya rangi, ipendeze.

Benedikta aliweka vidole. Vikasimama mwanzo wa mstari.

"Soma," Mwalimu akasema, akitabasamu upande wa wageni.

"Kimeandika kwamba skrini haiko kwenye maandishi," alisema Benedikta. "Programu hii inasoma maandishi, Mwalimu. Hapo umeweka picha. Hakuna hotuba hapa."

Nilimwona mkuu wa shule akitazama dari. Benedikta akaomba ruhusa ya kurekebisha, na kabla hajajibiwa akabonyeza kwa pamoja Control, Alt na F3, vitufe vinavyoondoa picha na kubakiza maandishi. Mlima ukatoweka. Skrini ikawa nyeusi tupu, na mstari mmoja wa herufi nyeupe juu.

"Ameiharibu," Mwalimu akasema, mkono wake ukienda kwenye swichi ya ukutani.

"Acha," alisema Mama Bernadina.

Benedikta aliandika jina lake na nywila yake, akafungua ukurasa mtupu, akamwomba mama achape chochote anachotaka. Mama alichapa kwa kidole kimoja, polepole, kama anayechambua maharage. Pini zikachomoza.

"Umeandika kwamba mvua ya Masakta imegoma," Benedikta akasema. "Shikamoo, mama. Jumatatu nina mtihani wa Historia. Nataka kuandika majibu yangu yote mwenyewe. Yapo sita."

Mama aliitikia marahaba, kisha akauliza nani amemzuia. Mwalimu akaeleza kwamba hakuna aliyezuia, walikuwa wanakitunza tu.

"Mnamtunzia nani?"

Mama akamwagiza mkuu wa shule kwamba Jumatatu kifaa kiwe mezani kwa binti, na yeye mwenyewe atapiga simu kuuliza.

Jioni hiyo, ile nailoni ilikutwa mfukoni mwangu. Nikapewa visiki viwili ning'oe nyuma ya bweni.

Jumatatu kifaa kilikuwa mezani kwa Benedikta, kama ilivyoagizwa. Na juu ya pini, ikiwa imebanwa pande zote nne kwa selotepu, kulikuwa na nailoni mpya, ile ya mfuko wa blanketi. Mwalimu Wolfgang alisimama kando yake, mikono nyuma. Nilikaa nyuma yao nimeshika kalamu mpaka ikapasuka. Nilikuwa nimeahidi kutofanya kitu.

Benedikta alipapasa kifaa mara moja. Akaanza kubandua selotepu, upande mmoja baada ya mwingine, na nailoni ikapiga kelele zake zote ndani ya chumba kimya cha mtihani. Akaikunja mara nne, akainyoosha juu kuelekea alikosikia pumzi.

"Mwalimu, hii ni ya kochi."

Aliipokea. Sijui ni kwa nini aliipokea, labda mkono tu ulizoea.

Saa mbili unusu nilisikia pini zikianza kuchomoza na kuzama, sauti ndogo kama mtama unaomwagwa kwenye ungo. Sababu ya kwanza. Sababu ya pili. Mwalimu akatazama saa yake. Benedikta hakuweza kumwona, na pini ziliendelea.